Maswali yenu: rejeta ya ndege mbele ya mkaguzi wa patenti

Haya jamani, nilisema safari hii tunajibu maswali ya patenti na yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, na mengi yanazunguka kitu kimoja ambacho mimi nakipenda sana, vile vifaa vya kubadilishana joto ndani ya ndege. Nitaviita rejeta maana ndo jina ambalo kila fundi analijua. Majibu mengi yatahusu Marekani na Ulaya kwa sababu maombi mengi ya vipuri hivi yanapelekwa huko, ndiko viwanda viliko. Twende.

Shikamoo mwalimu. Nasoma diploma ya makanika hapa Arusha. Rejeta si mabomba na fini tu, kuna nini hapo cha kuombea patenti?

Marahaba. Swali zuri na usione aibu kuliuliza, maana mabomba na fini (vile vibati vyembamba vya kutawanya joto) kweli ni vitu vya zamani na hakuna mkaguzi atakayekupa patenti ya "bomba lenye fini".

Ila angalia kazi yenyewe. Kwenye ndege nyingi za abiria hewa unayovuta ukiwa kwenye siti imetoka kwenye kompresa ya injini, na inatoka huko ina joto ambalo linaweza kuzidi nyuzi 200, kwa hiyo inapitishwa kwenye rejeta ikapozwa na hewa ya nje inayoingia kwa kasi ya ndege, ndo baadaye ije kabini. Upande mwingine una oili ya injini ambayo ni ya moto na mafuta ya kwenye bawa ambayo yamepoa vibaya sana, unavipitisha jirani bila kuchanganyika, oili inapoa na mafuta yanapata joto, umeua ndege wawili kwa jiwe moja. Sasa hayo yote yafanyike kwenye kitu chepesi, bati jembamba kabisa, na kila safari kinapata moto ghafla na baridi ghafla. Bati jembamba linapata moto haraka, ile hedi nene ya kuingizia hewa inachelewa, moja inatanuka nyingine bado, zinavutana pale zilipoungana, na safari baada ya safari ufa unaanzia kwenye kona.

Hiyo kona ndo pesa ilipo. Patenti nyingi za rejeta za ndege ukizisoma hazidai rejeta nzima, zinadai kona moja, jinsi unene unavyopungua taratibu kutoka kwenye hedi kwenda kwenye bati, au fini za safu ya kwanza zimekatwaje, au kishikizo kinachoruhusu kitu kitelezeke kidogo kikitanuka. Ingia Espacenet, ile tovuti ya kutafutia patenti, ni bure, tafuta makundi ya F28D na F28F na kwa viyoyozi vya ndege ongeza B64D 13, utakaa humo mpaka usiku.

Mkaguzi wa Marekani amenikatalia dai langu la kwanza akaniwekea patenti ya zamani ya kitu ambacho wala si cha ndege. Anaruhusiwa kweli? Niko Nairobi, naandika kwa hasira.

Pole ndugu yangu, hasira naielewa, ila ndio anaruhusiwa, na hapa ndipo watu wengi wanaumia kwa sababu hawajatenganisha vitu viwili.

Kuna upya, na kuna hatua ya uvumbuzi. Kwenye upya mkaguzi anauliza swali moja tu, je kila kitu ulichokitaja kwenye dai (ile sentensi inayosema nini hasa ni chako) kipo tayari ndani ya maandishi mamoja ya zamani? Kama kipo, imekwisha, haijalishi hayo maandishi yalikuwa ya nini. Kuna kesi maarufu ya mwaka 1997 inaitwa Schreiber, jamaa aliomba patenti ya mfuniko wenye umbo la koni wa kumwagia bisi, mkaguzi akamletea patenti ya Uswisi ya mdomo wa kopo la oili, umbo ni lile lile. Jamaa akasema lakini yangu ni ya bisi! Mahakama ikasema umbo lako lilishakuwepo na lile kopo kwa umbo lake linaweza kumwaga bisi, kuligundulia matumizi mapya hakulifanyi kifaa kuwa kipya. Kwa hiyo ukiandika "rejeta ya ndege yenye sahani, fini na tundu la kona" na kuna rejeta ya lori ya zamani yenye sahani, fini na tundu la kona, neno "ya ndege" peke yake huwa halikuokoi.

Kwenye hatua ya uvumbuzi mambo ni tofauti, pale swali ni je injinia wa kawaida angekifikia mwenyewe, na mkaguzi anachanganya maandishi mawili au matatu, na hapo unaweza kubisha kwamba maandishi yale yanatoka kwenye fani ya mbali na wala hayagusi tatizo ulilokuwa unalitatua. Kwa hiyo rudi kwenye barua ya mkaguzi uangalie namba ya kifungu cha sheria ya patenti ya Marekani. 102 ni upya, 103 ni hatua ya uvumbuzi. Kama ni 102 acha kabisa kubishana kuhusu ndege na lori, tafuta kitu kimoja kwenye mchoro wako ambacho kwenye maandishi yake hakipo, ukiweke ndani ya dai.

Nilichobadilisha mimi ni milimita chache tu. Rafiki zangu wananicheka, wanasema hiyo si uvumbuzi. Ni kweli?

Waambie rafiki zako wasome habari ya ndege ya British Airways namba 38. Tarehe 17 Januari 2008, Boeing 777 inatoka Beijing inakuja London Heathrow, imebakiza kidogo tu kutua, rubani anaomba nguvu na injini zote mbili hazitoi. Ikaanguka kwenye nyasi kabla ya kufika kwenye njia ya kutulia. Hakuna aliyekufa, Mungu mkubwa. Wachunguzi wa Uingereza wakachimba muda mrefu, ripoti yao ya mwisho ilitoka 2010, na jibu lao lilikuwa barafu. Maji kidogo yaliyomo kwenye mafuta yaliganda kwenye mabomba njiani, yakajikusanya, halafu yakaachia kwa mkupuo na kwenda kuziba uso wa rejeta ya mafuta na oili. Uso huo kwenye zile injini za Rolls-Royce ulikuwa na vijibomba vyembamba zaidi ya 1,000, na ncha zake zilikuwa zimechomoza juu ya bati kama milimita 4. Mwezi Novemba mwaka huo huo ndege ya Delta yenye injini za familia hiyo hiyo nayo ikapoteza nguvu kwenye injini moja ikiwa angani Marekani. Marekebisho yalikuwaje? Ncha zikasawazishwa na uso wa bati. Milimita 4 basi.

Nalirudia hili kila nikipata nafasi kwa sababu linanigusa, watu 152 walikuwa ndani ya ile ndege. Milimita zinaweza kuwa kila kitu.

Sasa upande wa mkaguzi. Yeye akiona umebadilisha kipimo tu ataanza na msimamo kwamba kutafuta kipimo kizuri ni kazi ya kawaida ya injinia, na ana kesi za kumuunga mkono tangu miaka ya 1950. Tena tangu hukumu ya KSR ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2007, ile ya pedeli ya gari iliyofungwa sensa, amepewa uhuru zaidi wa kusema vitu vinavyojulikana vikiunganishwa kwa njia inayojulikana na kuleta matokeo yanayotegemewa, huo si uvumbuzi. Angalia hilo neno la mwisho, yanayotegemewa. Kama kipimo chako kimeleta kitu ambacho injinia wa kawaida asingekitegemea, mfano wote waliamini ncha zikichomoza ni sawa tu na wewe umeonyesha kwamba chini ya milimita fulani barafu haizibi kabisa, hapo una kesi. Lakini uonyeshe kwa namba. Umepima vipimo vingapi, ndani ya kile ulichokidai na nje yake, ukilinganisha na kifaa cha zamani kilicho karibu zaidi na chako. Marekani unaweza kuyaleta majaribio hayo hata baadaye kwa tamko la kiapo. Ila kipimo chenyewe na sababu yake viwe vimeandikwa tangu siku ya kwanza, kwa maneno, usitegemee mchoro, maana mchoro wa patenti hauhesabiki kama una vipimo sahihi mpaka useme hivyo. Nimeona mtu analia kwa hili, mchoro ulionyesha uwiano mzuri kabisa, maelezo hayakusema neno, na baada ya tarehe ya kuwasilisha huruhusiwi kuongeza kitu kipya.

Mimi nachapisha kiini cha rejeta kwa printa ya 3D, muundo wa jairoidi. Bado hakuna mtu mtaani kwetu anafanya hivi. Niombe patenti?

Mtaani kwenu hakuna, ila mkaguzi hapimi mtaa, anapima dunia nzima. Jairoidi, kwa wasioijua, ni uso unaojikunja pande zote bila kujikata na unagawa nafasi iwe njia mbili zisizokutana, yaani kama vile Mungu aliutengeneza kwa ajili ya rejeta. Ulielezwa na Alan Schoen kwenye andiko la NASA la mwaka 1970, na miaka ya karibuni watu wameujaza kwenye maombi ya rejeta kwa sababu printa zimewezesha. Kwa hiyo "rejeta yenye kiini cha jairoidi" imeshapitwa.

Na usikimbilie kusema "iliyotengenezwa kwa printa". Ukidai kifaa kwa kutaja njia ya kukitengeneza, mkaguzi anaangalia kifaa chenyewe, kama kifaa kile kile kilikuwepo kwa njia nyingine umekwama.

Penye uhai ni pale jairoidi inapokutana na bomba la duara, mtiririko unagawanyikaje bila kuacha sehemu zilizolala zisizopitisha kitu, unene wa ukuta unabadilikaje ukitoka upande wa moto kwenda wa baridi, poda (ule unga wa kuchapishia) iliyobaki ndani unaitoaje baada ya kuchapisha, hili la poda hasa ni tatizo la kweli na anayelitatua kwa umbo, sio kwa maneno, nafikiri ana kitu. Kaa na hicho.

Nilionyesha modeli yangu kwenye maonyesho ya chuo miezi minne iliyopita. Nimechelewa?

Marekani hapana, mvumbuzi ana mwaka mmoja tangu alipoonyesha mwenyewe. Ulaya ndio, karibu kwa hakika, kule ukishaweka hadharani kabla ya kuwasilisha umejimaliza mwenyewe, labda kama hakuna aliyeweza kuona kilichomo ndani. Kama modeli yako ilikuwa imefunikwa na watu waliona boksi tu, andika leo hii uliyoyaonyesha na usiyoyaonyesha, na utafute wakili kesho.

Mimi fundi wa ndege, niko Muscat. Kipuri kikiwa na patenti ina maana kimeshapimwa ni salama?

Hapana kaka. Ofisi ya patenti haichomi kitu moto wala haikitikisi. Inaangalia kama ni kipya, kina uvumbuzi, na maelezo yanatosha fundi mwenzako kukitengeneza. Usalama ni kazi ya mamlaka za anga, FAA ya Marekani, EASA ya Ulaya na ile ya nchi husika. Na kinyume chake pia, kampuni nyingine inaweza kupata kibali cha FAA cha kutengeneza kipuri mbadala na bado ikashtakiwa kwa patenti, hivyo ni vibali viwili visivyojuana.

Kuna mtu hapa Mombasa anabisha kwamba ndege ya Kenya Airways ikitua London na ina rejeta iliyoiga patenti ya Uingereza inaweza kushikwa. Nani yuko sahihi?

Asante kwa swali hili. Patenti ni ya nchi kwa nchi, kwa hiyo ya Uingereza inafanya kazi Uingereza, hapo rafiki yako ana hoja. Ila waliotunga sheria waliliona hili mapema. Mkataba wa Chicago wa 1944 wa usafiri wa anga, kifungu cha 27, unakataza kushika au kuzuia ndege ya nchi mwanachama iliyoingia kwa safari ya kimataifa kwa madai ya patenti, na unagusa hata vipuri vilivyohifadhiwa kwa ajili ya kuitengeneza, mradi visiuzwe humo. Mkataba wa Paris, ule wa mali ya viwanda, nao una kifungu kinachosema kifaa kilichomo ndani ya ndege inayopita kwa muda si uvunjaji wa patenti. Kwa hiyo ndege inaruka na abiria wake. Atakayekuwa na kesi ni anayeitengeneza au kuiuza hiyo rejeta kwenye nchi yenye patenti. Na ukitaka ulinzi huku kwetu, ARIPO, shirika la Afrika la patenti na alama za biashara, pale Harare unawasilisha ombi moja ukataja nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zimo.

Barua ya mkaguzi ina kurasa 14, zimebaki wiki mbili ya miezi mitatu niliyopewa. Sijui nianzie wapi.

Kwanza pumua. Marekani hiyo miezi mitatu inaweza kusogezwa mpaka sita kwa kulipia, na ada inapanda kila mwezi, kwa hiyo usipeleke majibu mabovu kwa hofu, lakini ikipita sita ombi linahesabika limetelekezwa.

Halafu usisome kurasa 14 mfululizo. Chukua dai la 1, likate vipande, kila kipande mstari wake, pembeni andika mkaguzi anasema kipande hicho kiko wapi kwenye maandishi ya zamani, ukurasa na namba ya mchoro. Ufungue huo mchoro uangalie kwa macho yako. Mara nyingi utakuta vipande vitano amevipata sawasawa na cha sita amekivuta kwa nguvu, ameita "mbavu" kitu ambacho ni mkunjo wa bati tu. Hicho cha sita ndo jibu lako lote.

Baada ya hapo omba kikao naye kwa simu, kwa kawaida hukubaliwa, na wengi ni watu wa kuongea vizuri na wanakuambia wazi nini kingewatosha. Mtumie siku mbili kabla dai ulilolirekebisha, moja tu, na mchoro mmoja, umwonyeshe ile kona.