Maswali yenu: bastola ya silinda ya bei nafuu kwa kulengea shabaha

Wengi walioandika safari hii wana jamaa zao Marekani, ambako kulenga shabaha ni mchezo wa siku za mapumziko. Tunajibu moja moja.

Mtoto wa ami yangu yuko Ohio, ameshapata ukaazi wa kudumu. Anataka bastola ya silinda ya kukoki kwa kidole gumba, lakini mfuko wake mdogo. Achukue ipi? (Wete, Pemba)

Kwanza achague kaliba (ukubwa wa risasi) ya .22 LR, yaani risasi ndogo, jina la kiwanda lifuate. Katika mpya za bei ya chini ziko mbili za kufikiria: Heritage Rough Rider, ambayo mara nyingi huuzwa chini ya dola 200, na Ruger Wrangler, iliyotoka 2019 kwa bei elekezi ya dola 249. Kwa kawaida zote mbili hupakia risasi 6, na zote ni za mtindo ule wa Colt ya 1873, bastola ya zamani ya Marekani: kila risasi lazima uvute nyundo nyuma kwa gumba, kifyatulio kazi yake ni kuiachia tu.

Sisi tunampendekezea Wrangler, na sababu imo ndani. Iko na kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini ya kupigia risasi pale tu kifyatulio kinapokuwa kimevutwa. Ikidondoka mkononi, nyundo haiifikii pini. Kwenye kupakia nako ni nyepesi: ukifungua kilango cha pembeni silinda inazunguka yenyewe, wakati Rough Rider inakutaka uvute nyundo nusu kwanza.

Rough Rider hutegemea kikwamizi cha mkono, kinachoizuia isipige, upande wa kushoto karibu na nyundo. Kikiwa tayari kwa kupiga utaona nukta nyekundu. Anayeanza hukisahau, akifyatua, kimya, akadhani risasi mbovu akaanza kuipekua bastola huku imejaa. Ikitokea kimya, mtutu ubaki umeelekea shabaha kwa sekunde 30, ndipo afungue kilango.

Kwa nini .22 wakati za .45 ndizo zenye haiba? (Bububu)

Kwa sababu bastola hununuliwa mara moja, risasi hununuliwa kila wiki. Moja ya .22 LR huko ni kama senti 10 au chini yake, ya .45 Colt hukaribia dola nzima. Boksi la 50 huisha kwa nusu saa. Na mkono unaotishwa na mshindo hujifunza kujikunja kabla ya kupiga, tabia ambayo kuitoa ni kazi kubwa.

Jamaa yangu akipata bastola iliyotumika, aikague vipi? (Chake Chake)

Hapa ndipo pesa huokolewa au hupotea, basi asione haya kuchukua dakika 10 mbele ya muuzaji. Afungue kilango, azungushe silinda na kuyatazama matundu yote 6 kwa macho yake. Tupu? Aendelee, mtutu ukielekea pasipo na mtu.

Aweke kidole kwenye silinda aizuie kidogo sana, kisha avute nyundo polepole mpaka mwisho. Nyundo ikishika, silinda nayo iwe imejifunga. Kama bado inacheza na inahitaji kusukumwa ndipo ijifunge, meno ya kuzungushia yameliwa. Arudie kwa kila tundu, kwani huweza likawa moja tu lenye kasoro. Tundu lisipokaa sawa na mtutu, risasi huingia kwa kukwaruzwa ubavuni na vipande vya risasi laini hurukia pembeni. Ndiyo maana miwani haivuliwi.

Nyundo ikiwa imekokiwa, aisukume mbele kwa gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, airudishe kwa mwenyewe na asibishane bei.

Nafasi kati ya silinda na mtutu ipimwe kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, ileile ya fundi wa Vespa. Milimita 0.15 ni nzuri, 0.25 ni kubwa. Kisha atazame kingo za matundu: alama ndogo ya kubonyea, kama ukucha uliokandamiza sabuni, maana yake mtu amefyatua sana bila risasi ndani na pini imepiga chuma. Hapo maganda hukwama. Vichwa vya skrubu vilivyochunika navyo vinasema mtu asiye fundi ameshaingia ndani.

Akikutana na Ruger Single-Six ya kabla ya 1973, haina kile kipande cha chuma cha kati ya nyundo na pini. Apakie 5 tu: atie moja, aruke tundu moja, atie nne, akoki mpaka mwisho, aishushe nyundo taratibu juu ya tundu tupu. Ruger hubadilisha mtambo huo bure kwa anayeipeleka kiwandani.

Nimeona inayouzwa na silinda mbili. Faida yake? (Jang'ombe)

Moja ni ya .22 LR, ya pili ya .22 Magnum yenye nguvu zaidi. Super Wrangler ya 2023 huja hivyo. Lakini zisichanganywe: ganda la Magnum ni pana, kama milimita 6.1 dhidi ya 5.7, kwa hiyo LR ikitiwa kwenye silinda ya Magnum itaingia kwa urahisi kisha ganda lipasuke. Kwa shabaha za makopo, silinda moja inatosha.

Nimtumie pesa jamaa yangu wa Marekani aninunulie, aje nayo Unguja? (Mombasa, Unguja)

Hapana, tafadhali. Dukani hujazwa fomu inayouliza kama mnunuzi ndiye mwenye bastola; kusema ndiyo kwa niaba ya mwengine ni kosa la jinai. Kuitoa Marekani kwa kawaida kunataka leseni ya serikali, na kuishusha hapa bila kibali cha Polisi ni kesi ya kufungwa. Hata vipuri na risasi moja iliyosahaulika mfukoni mwa begi ni balaa kwenye uwanja wa ndege.

Nakwenda Marekani kumtembelea jamaa yangu kwa viza. Naweza kupiga bastola yake? (Mkoani)

Mwenye viza ya matembezi kwa sheria ya huko haruhusiwi kushika silaha, hata ya kukodi kwenye uwanja wa shabaha, ila akiwa katika misamaha iliyotajwa. Unaotumika zaidi ni leseni ya kuwinda iliyotolewa na jimbo la Marekani na ambayo haijaisha muda. Uipate kwanza, uende nayo mfukoni. Ukishafika uwanjani vaa miwani na viziba masikio, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, maana vumbi la madini ya risasi hubaki vidoleni.