Kabla Hujanunua Kinect, Pima Sebule Yako

Ukikuta Kinect, kile kifaa cha Xbox cha kucheza gemu kwa mwili bila pedi, inauzwa ya mtumba kwa bei ya kuvutia, usianze kwa kuuliza kama ni nzima. Chukua futi kamba kwanza, upime kutoka kwenye runinga yako hadi pale ambapo mtu atasimama kucheza. Ukipata mita 1.8 za sakafu tupu, mtu mmoja atacheza. Ukipata mita 2.4, watacheza wawili. Vipimo hivyo vimetolewa na Microsoft wenyewe, na mimi niliyekaa na kifaa hiki nyumbani, nikakihamisha kutoka chumba hadi chumba, ningeongeza nusu mita nyingine juu yake. Kama nafasi haifiki hapo, usinunue.

Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaolalamika kwamba Kinect yao haiwaoni, au inawaona kwa kubahatisha, wana kifaa kizima kabisa. Shida iko chumbani. Pedi ya kawaida ya gemu haijali umekaa wapi wala taa imewaka au imezimwa. Kwa Kinect, sebule nzima ni sehemu ya mashine: dirisha, kochi, meza ya katikati, hata nguo uliyovaa.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, Kinect ni kifaa cheusi cha mlalo chenye macho matatu mbele, kimesimama juu ya kitako chenye mota inayokiinua na kukiinamisha. Microsoft waliitangaza Juni 2009 kwa jina la Project Natal, na ikaingia sokoni Novemba 2010 kama nyongeza ya Xbox 360, mashine yao ya gemu. Ndani ya siku 60 za mwanzo ziliuzwa milioni 8. Wakati huo Wii ya Nintendo ilikuwa imeshazoeza watu kucheza kwa kupunga mkono tangu 2006, na Sony walikuwa wametoka kuleta rimoti yao ya Move. Lakini hizo zote zilitaka ushike kitu. Kwenye Kinect mikono ni mitupu, na mwili wako wote, kuanzia kichwa hadi nyayo, ndio unaoamrisha.

Ukielewa inavyoona, mambo mengi ya kuipanga nyumbani yatajieleza yenyewe. Jicho moja kati ya yale matatu si kamera. Linamwaga chumbani maelfu ya vidoti vya mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Kamera ya pili inasoma vidoti hivyo vilivyotua juu yako, juu ya ukuta na juu ya kochi, na kutokana na jinsi vilivyosogea inakokotoa kila kitu kiko umbali gani. Ya tatu ni kamera ya rangi ya kawaida. Kisha programu inatafuta umbo la binadamu ndani ya ile ramani ya umbali, na kuweka alama kwenye viungo 20: mabega, viwiko, viganja, nyonga, magoti na kuendelea. Watafiti wa Microsoft walioko Cambridge, Uingereza, waliifundisha programu hiyo kwa kuilisha picha nyingi mno za miili iliyokaa mikao ya kila aina, ndiyo maana inakutambua wewe ambaye haijawahi kukuona.

Basi chukua hilo la infraredi ulipeleke dirishani. Jua nalo linatoa infraredi, tena kwa wingi. Jua la mchana likipiga sakafuni pale unaposimama, vidoti vya Kinect vinamezwa, na yule mtu wako kwenye skrini anaanza kukunja mguu ambao wewe hukuukunja. Kwetu mchana ilikuwa tabu mpaka tulipofunga pazia zito. Tukishafunga, mkono uliokuwa ukirukaruka ulitulia palepale. Usiku haina shida hiyo hata kidogo. Unaweza hata kuzima taa na bado ikafuata mwili wako, kwa sababu mwanga inaoutumia ni wake yenyewe. Taa utaihitaji tu pale inapotakiwa kutambua sura ya mchezaji au kupiga picha.

Umbali nao una hesabu yake, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapokwama. Kinect ya Xbox 360 inaona pembe ya nyuzi 57 kwa upana na nyuzi 43 kwenda juu. Piga hesabu: ukisimama mita 1.8 mbele yake, kimo inachokiona ni mita 1.4 hivi. Mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.7 haenei humo. Ama nyayo zinakatika, ama kichwa. Mota inajitahidi kuinamisha kifaa na programu inakisia kiungo ambacho haikioni, lakini mchezo unaohitaji kuruka au kuinua mikono juu ya kichwa unaanza kuyumba. Rudi nyuma hadi mita 2.4 na kimo hicho kinafika karibu mita 1.9. Watoto wanaweza kucheza wakiwa karibu zaidi kwa sababu ni wafupi, na hii ndiyo sababu mzazi anamwona mwanawe anacheza vizuri, akiingia yeye gemu linaanza kumkatalia. Asidhani kwamba hajui kucheza. Asogee nyuma hatua moja.

Kuhusu mahali pa kuiweka, kimo kinachofaa ni kati ya mita 0.6 na mita 1.8 kutoka sakafuni, katikati ya runinga, ukingoni kabisa mwa meza au kabati. Ukiirudisha nyuma kidogo tu, ukingo wa meza unaziba mandhari ya chini na miguu yako inapotea. Usiiweke juu ya spika, kwani mtikisiko unaisumbua kuona na kusikia. Na tafadhali usiiinamishe kwa mkono hata kama umeona inaangalia juu mno. Kile kitako kina gia ndogo ndani, na ukilazimisha utazivunja. Iache mota ifanye kazi yake au uirekebishe kwenye mipangilio.

Meza ya katikati itoke. Isisogezwe tu, itoke kabisa. Mtu anayekwepa mpira wa kwenye skrini hakumbuki meza, na ugoko ukigonga kona ya mbao hakuna aliye tayari kuendelea. Zulia linaloteleza nalo likunjwe. Angalia juu pia: taa inayoning'inia na feni ya dari viko karibu na mikono kuliko unavyodhani, hasa kwa mtu mrefu anayeruka. Nguo pana sana huficha magoti na viwiko, na Kinect ikishindwa kuona kiwiko kiko wapi inabuni. Vaa kitu kinachoushika mwili kiasi, au funga kiunoni.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niipende. Kifaa hiki kinamkaribisha mtu ambaye hajawahi kugusa gemu. Pedi ya Xbox ina vitufe zaidi ya kumi, vijiti viwili na vibonyezo vya nyuma. Ukimkabidhi mtu mzima asiyeizoea anakurudishia kwa adabu. Mama mkwe wangu ni mtu wa namna hiyo. Alikuwa akiwatazama wajukuu wakicheza Kinect Adventures, gemu lililokuja pamoja na kifaa, kwenye ule mchezo ambapo umo ndani ya chumba cha vioo chini ya bahari na samaki wanatoboa kuta. Kila tundu likitokea unaliziba kwa kiganja, kwa goti au kwa unyayo. Matundu yanakuja moja, mawili, kisha matano kwa pamoja, na unabaki umejinyoosha mkono huku mguu kule. Mjukuu mmoja alipochoka akatoka, naye akaingia pale pale palipoachwa wazi. Kinect ikamchukua bila kumuuliza lolote. Hakuna aliyemfundisha. Aliona maji yanavuja akaziba, akaona jingine chini akaliziba kwa mguu. Mwisho wa raundi gemu likaonyesha picha lililowapiga wakati wanacheza, na pale alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mikono imetawanyika, kinywa wazi kwa kicheko. Hakuna kifaa kingine cha gemu nilichowahi kuwa nacho kilichomfanya acheze.

Kwa dansi pia ni kifaa cha hali ya juu. Kwenye gemu la Dance Central kiungo unachokikosea kinang'aa kwa rangi nyekundu kwenye mwili wa mchezaji wa skrini, kwa hiyo unajua papo hapo kwamba ni mkono wa kushoto uliochelewa, si mguu. Hiyo ni aina ya mwalimu ambaye Wii haikuweza kuwa, kwa sababu rimoti ya Wii inajua mwendo wa mkono ulioishika na basi. Hiyo tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Mtu aliweza kucheza tenisi ya Wii akiwa amekaa kwenye kochi, anatikisa kifundo cha mkono tu. Kwenye Kinect mwili usiposogea hakuna kinachosogea. Ndiyo maana jasho linatoka kweli, na kesho yake mabega na mapaja yanauma kwa ambaye hajazoea. Nyoosha viungo kwanza. Wape wachezaji maji na mapumziko, maana watoto hawajui kuacha.

Kuna mambo isiyoyaweza, na ni haki uyajue. Kati ya mwili wako kusogea na skrini kuitikia kuna ucheleweshaji mdogo ambao jicho linauona. Kwa kupiga mpira, kudansi au kukwepa, unauzoea. Kwa gemu la kulenga shabaha au la mbio zenye kona kali, sikushauri. Ukikaa kwenye kochi inachanganya mwili wako na mto wa nyuma yako. Wachezaji inaowafuatilia kikamilifu ni wawili tu kwa wakati mmoja, na mtu wa tatu akikatiza mbele yao inaweza kumchukua yeye. Tengeni upande mmoja wa sebule wa watazamaji na upande huo uheshimiwe. Vinasa sauti vyake vinne vinasikia vizuri hata kelele zikiwepo, ila amri za sauti zinataka lugha chache ilizowekewa, na Kiswahili hakimo. Tumia mkono: unauelekeza juu ya unachotaka, unautuliza pale, na duara likijaa imechaguliwa. Mwanzoni mkono unatetemeka na duara linafutika. Kaza kiwiko karibu na ubavu, utatulia.

Kama sebule yako ni finyu, chaguo jema ni Wii, au Nintendo Switch ya 2017 na vidhibiti vyake vya Joy-Con. Hivyo vinapima mwendo kwa vihisi vilivyo ndani ya kile ulichokishika, havihitaji kukuona mzima, wala jua la dirishani halivisumbui kama linavyoisumbua Kinect. Kwa mazoezi ya mwili kwenye nafasi ndogo, Ring Fit Adventure, gemu la Switch la 2019, ni kazi nzuri sana. Na kwa rimoti yoyote ya kushika, vaa kamba ya kifundoni kila mara. Mwaka 2006 Nintendo walilazimika kutoa kamba imara zaidi kwa sababu zile za awali zilikuwa zikikatika na rimoti kuruka.

Ukiamua kununua Kinect, itakuwa ya mtumba, kwani Microsoft waliacha kuitengeneza 2017. Hapo uwe makini na aina. Ipo ya Xbox 360 na ipo ya Xbox One iliyotoka Novemba 2013. Plagi zake ni tofauti na haziazimani. Ya 360 inaingia moja kwa moja kwenye mashine nyembamba iliyotoka 2010, lakini kwenye zile nene za awali inahitaji waya wake wa umeme wenye kichwa cha USB. Muulize muuzaji kuhusu waya huo kabla ya kutoa hela, maana ndio unaopotea mara nyingi. Ya Xbox One inaingia kwenye Xbox One ya kwanza kabisa. Kwenye One S na One X lazima upate adapta ambayo nayo haitengenezwi tena, na kwenye Series X na Series S haifanyi kazi kabisa.

Mimi ningechukua ya 360. Magemu yake ni mengi zaidi na bora zaidi. Nunua yenye diski, kwa sababu duka la Xbox 360 la mtandaoni lilifungwa tarehe 29 Julai 2024 na huwezi tena kununua humo. Soma jalada vizuri: yapo magemu yanayohitaji Kinect ili yachezeke, na yapo yanayoitumia kwa kupokea amri za sauti tu huku ukicheza kwa pedi. Unayoyataka ni ya kundi la kwanza.

Omba iwashwe mbele yako. Taa ya mbele iwake kijani na kitako kijiinue na kuinama chenyewe. Kisha simama mbele yake, inua mkono wa kulia, halafu wa kushoto, halafu goti moja moja, ukitazama kivuli chako kwenye skrini kama kinakufuata. Kumbuka pia kwamba unaingiza kamera na vinasa sauti ndani ya sebule. Sisi tukimaliza kucheza tunachomoa waya na kuirudisha kabatini, na watoto wanajua kufanya hivyo bila kukumbushwa.