Muulize Bibi Mkunga: Zahanati iko ng'ambo ya barabara

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha Baiolojia shule ya kata hapa Ujiji. Kidato cha pili, ukiwauliza wanataka kuwa nani, nusu watakwambia daktari au nesi. Wakifika kidato cha tatu wengi wanaiacha Fizikia. Darubini tunayo moja, lenzi imepasuka. Zahanati iko ng'ambo ya barabara. Nianzie wapi?
Mwalimu, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Hili linaniuma. Katika miaka yangu ya ukunga, mabinti wengi walionijia wakilia hawakulilia ada. Walililia Fizikia waliyoiacha bila mtu kuwaambia kwamba chuo cha utabibu kitaidai. Kwa hiyo anza na hao wa kidato cha pili, muhula huu huu. Waambie waziwazi: Kemia, Baiolojia na Fizikia zisiachwe, na kwa anayetaka shahada ya udaktari, njia ya moja kwa moja ni PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano na sita.

Halafu mwone mganga mfawidhi wa zahanati, ila usiende peke yako. Nenda na mkuu wa shule, mkiwa na barua, na mwenyekiti wa kamati ya zahanati awepo. Wanakamati ni wananchi wa hapo hapo. Usishangae kumkuta mzazi wa mwanafunzi wako. Ombeni kidogo: wanafunzi wanne, siku ya kliniki ya watoto, kwa muda wa saa mbili tu. Siku hiyo mabenchi yamejaa akina mama na nesi anahangaika peke yake. Mtu wa kupanga kadi na kusoma mizani atapokelewa kwa mikono miwili. Sindano na damu wasiguse, chumba cha kujifungulia wasiingie.

Na kabla hawajavuka barabara, wafundishe siri. Uliyemwona pale hukumwona. Ujiji hii, mtu akionekana kwenye dirisha fulani, habari inafika Kibirizi kabla ya magharibi. Ikivuja moja, zahanati haitawapokea tena, na itakuwa na haki.

Mei 2015, kipindupindu kilipowakumba wakimbizi wa Burundi waliosongamana kijiji cha Kagunga, mpakani, nilikuwa zamu. Tulichanganya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, mchana kutwa, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Kijana wa kidato cha nne aliyekuja kujitolea kubeba maji akaniuliza: "Bibi, mgonjwa anapoteza maji na chumvi, sukari ya nini?" Nikamwambia sukari ndiyo inayoivusha chumvi kwenye ukuta wa utumbo, na maji yanafuata nyuma yake. Akabaki amesimama na jagi mkononi, kisha akasema, "Kumbe ile osmosisi ndiyo hii!" Leo anafanya kazi maabara.

Darubini isikucheleweshe. Omba siku moja kwenye maabara ya kituo cha afya, waone wenyewe vimelea vya malaria, vile vipete vidogo ndani ya chembe nyekundu za damu. Na katika wale wanne wa kwanza, mmoja awe yule aliyekwisha kukwambia kwamba Fizikia imemshinda.