Jibu: Kifaru T-55 kwenye barabara ya Lukaya, 1979

Ndugu, umeuliza ufanyeje ili udongo wa mandhari ndogo unayoiunda kwa kifaru cha mfano, ya pale Lukaya, Uganda, palipopiganwa katika Vita vya Kagera, usionekane kama rangi ya kahawia iliyopakwa tu. Acha rangi, tumia murram yenyewe, yaani ule udongo mwekundu wa barabarani. Ikaange kavu kwenye sufuria kuukuu ili wadudu wafe, uipitishe kwenye kitambaa cha soksi, kisha uichanganye na gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Gundi huufanya udongo ukolee rangi, kwa hiyo ikishakauka nyunyizia vumbi kavu juu.

Lakini kitakachoibeba kazi yako ni mafunjo. Pale barabara inakatiza kinamasi, na mafunjo hufika mita 4 au zaidi, yaani sentimita 11 na kuendelea kwa kipimo cha 1/35, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 35. Kifaru chako kina kimo cha sentimita 7 hivi, kwa hiyo lazima kimezwe. Wengi huyafanya mafupi kama nyasi, na hapo Lukaya inapotea kabisa. Shina tengeneza kwa chelewa za ufagio. Kichwani funga nyuzi za katani, uzichambue zisambae pande zote, kisha upake kijani chenye umanjano.

Kwenye T-55 angalia magurudumu: pengo kati ya la kwanza na la pili ni kubwa kuliko mengine, na mnyororo wa juu hulegea ukalalia magurudumu. Ukiunyoosha kama kamba, umeharibu. Vumbi jekundu lishike zaidi chini, mnara, yaani sehemu ya juu inayobeba mzinga, uache na kijani chake.