13, albamu ya Black Sabbath: kwa nini wengine tuliishangilia na wengine wakaisusa

Mkuu, umeuliza kwa nini ukiitaja 13, albamu ya mwaka 2013, mbele ya mashabiki wa Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza, mjadala unachafuka papo hapo, huyu anasema ni kazi ya heshima, yule anasema ni albamu feki, na wewe uliyeisikiliza mara moja umeiona ya kawaida tu. Nitakujibu kama mpiga drams, maana huko ndiko nilikolia ugali. Nimepiga miaka mingi kwenye bendi ya hoteli hapa Arusha, kuanzia zilipendwa hadi ile roki ya zamani ambayo wageni wa Kiingereza wakishachangamka na bia lazima waiombe.

Ujue kwanza watu walikuwa na njaa kiasi gani. Albamu ya mwisho ya studio ambayo Ozzy Osbourne aliimba na Sabbath ni Never Say Die! ya mwaka 1978. Mwaka uliofuata wenzake wakamtimua. Walirudiana jukwaani 1997, na 2001 wakajaribu albamu na prodyuza Rick Rubin, ikafia njiani. Kwa hiyo tarehe 11 Novemba 2011, waliposimama kwenye ukumbi wa Whisky a Go Go kule Los Angeles na kutangaza kwamba safari hii albamu inakuja kweli, watu waliopevuka na mvi zao waliruka kama watoto. Ozzy, Tony Iommi na gitaa lake, Geezer Butler kwenye besi, Bill Ward kwenye drams. Kikosi kile kile cha 1970.

Haikuchukua muda mambo yakaharibika. Januari 2012 ikajulikana Iommi ana saratani ya limfu. Februari, Ward akatoa taarifa kwamba mkataba aliopewa hausainiki, kwa hiyo hatakuwepo. Ozzy naye baadaye akasema hadharani kwamba hali ya mwili ya Ward isingehimili ziara. Nani alikuwa mkweli? Walioujua mkataba ni wenyewe. Ila kuanzia hapo mashabiki walishagawanyika, na albamu hata haijarekodiwa. Kuna watu waliapa hawanunui kitu kinachoitwa Sabbath kama Ward hayupo, na wengine nadhani hadi leo wameshikilia kiapo.

Wengi wanadhani hasira hiyo ni ya huruma tu, mzee kaonewa. Sivyo. Ward hapigi kama wapiga drams wengi wa roki. Alikua akiwasikiliza watu wa jazi, akina Gene Krupa, na inasikika. Chukua wimbo wao wa War Pigs. Ozzy anapoanza beti, nyuma yake kunabaki sahani za miguuni zikitia ti-ti-ti, gitaa linapiga mkwaju mmoja na kunyamaza, halafu Ward anaujaza ule uwazi kwa drams, na kila akirudi anaujaza kivingine. Tulipokuwa tunaufanyia mazoezi, mimi nilikuwa najitahidi kukaa sawasawa kwenye mapigo, na wimbo ukawa umekufa. Mpiga besi wetu ndiye aliyegundua: snea ya Ward, ile drams ya katikati yenye mlio mkali, haiangukii pale unapoitegemea, inachelewa kwa unywele, halafu yeye na Butler wanavutana kama wanataka kuachana. Ule mvutano ndio Sabbath. Ukiunyoosha unabakiwa na gitaa zito tu, na bendi zenye gitaa zito ziko nyingi.

Sasa kwenye 13 aliyepiga ni Brad Wilk wa bendi ya Rage Against the Machine. (Iommi alishasimulia kwamba Rubin alimpendekeza Ginger Baker, yule mpiga drams Mwingereza mkorofi aliyerekodi na Fela Kuti. Mimi ningelipa kusikia balaa hilo.) Wilk ni fundi, sina ugomvi naye. Anapiga safi, anapiga kwa nguvu, na mahali pengine anajitahidi kuiga mizunguko ya Ward. Lakini ameketi katikati ya mapigo kama mgeni aliyeambiwa akae vizuri asivunje vyombo. Sikiliza Loner, halafu rudi kwenye wimbo wowote wa albamu mbili za 1970, utaona ninachosema bila kuhitaji kujua kushika fimbo.

Jambo la pili ni Rubin mwenyewe. Yeye aliwakalisha wakaisikiliza albamu yao ya kwanza, ile waliyoirekodi kwa siku moja tu mwaka 1969, akataka warudi kwenye roho ile. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba ukimwambia mtu wa miaka 60 na ushee arudie alivyokuwa na miaka 21, mara nyingi atakurudishia umbo. End of the Beginning inafunguka taratibu kwa vishindo vizito halafu inabadilika mwendo, mpangilio ule ule wa wimbo wenye jina la bendi. Zeitgeist ni wa gitaa la kawaida na vigoma vya mkono, na kila aliyeijua Planet Caravan, wimbo wao wa 1970, alisema kwa sauti moja, "Huu si ndio ule ule?" Hata mwisho wa albamu, baada ya Dear Father, wameweka mvua, radi na kengele, vitu vilevile vilivyofungua albamu ya kwanza. Wengine walilia kwa furaha pale, wakasema duara limefungwa. Mimi niliona ni ujanja wa prodyuza, na bado naona hivyo.

Halafu sauti. Hapa nawaunga mkono walalamishi kwa asilimia zote. Rubin alishasemwa mwaka 2008 kwa Death Magnetic, albamu ya bendi ya Metallica, iliyobanwa na kupandishwa sauti hadi inakwaruza, mashabiki wakaanzisha hadi ombi la kutaka ichanganywe upya. 13 haijafika huko, ila ina ugonjwa huo huo. Niliifungua kwenye kompyuta ya fundi mitambo wetu, pembeni yake tukaweka War Pigs ya toleo la zamani. Ya zamani ina mabonde na vilima, unaona kabisa pale bendi inaponyamaza na pale inaporudi. God Is Dead? inakaribia dakika 9, ina sehemu za utulivu na sehemu za kishindo, lakini zile za kishindo kwenye kioo ni bonge moja limejaa kutoka juu hadi chini. Kwenye hedifoni unaanza kuchoka kabla wimbo haujafika pale unaponoga. Nadhani wewe kuiona ya kawaida kunatokana kwa sehemu na hilo. Punguza sauti, tumia spika badala ya hedifoni, utaona tofauti.

Wapo pia watu wa Dio, mwimbaji aliyechukua nafasi ya Ozzy alipotimuliwa, na hawa husahaulika. Kwao Sabbath ilisharudi 2009, pale Iommi, Butler, Ronnie James Dio na Vinny Appice walipotoa The Devil You Know kwa jina la Heaven & Hell. Dio akafariki Mei 2010. Ukiwaambia 13 ni "albamu ya kurudi" wanakucheka. Siwezi kuwabishia sana, ile ya 2009 ina uzito usioigiza mtu.

Pamoja na kelele zote hizo, 13 ilipotoka Juni 2013 ilishika namba moja Uingereza, jambo ambalo Sabbath hawakuwa wamelipata tangu Paranoid ya 1970, na kwa Marekani ilikuwa mara yao ya kwanza kabisa. God Is Dead? ikachukua Grammy ya metali mwaka uliofuata. Kwa hiyo usidanganywe kwamba ilidoda.

Na kuna kitu ambacho hata waisusao hukubali wakibanwa: mkono wa Iommi. Huyu ni mtu aliyekatika ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aendelee kupiga. Wakati wa 13 alikuwa kwenye matibabu ya saratani, na bado alitoa vipande kama vile vya Age of Reason. Solo ya mwishoni mwa ule wimbo nimeirudia mno, hakuna sehemu inayosikika kama ya mgonjwa.

Wimbo wenyewe ninaoutetea mbele ya yeyote ni wa saba, Damaged Soul. Ni bluzi chafu, ya polepole, Ozzy anapuliza kinanda cha mdomo, na hakuna anayehangaika kufanana na 1970. Pale hata Wilk amelegea, snea inaanza kuburuta kidogo. Kama ningekuwa Rubin ningewaambia waendelee hivyo hivyo albamu nzima.

Tarehe 5 Julai 2025, kwenye onyesho la kuaga pale Villa Park, Birmingham, Ward alirudi kwenye kiti chake, Ozzy akiwa ameketi kwa ajili ya maradhi. Walipiga War Pigs, N.I.B., Iron Man na Paranoid, hakuna hata mmoja wa 13. Wiki mbili na kitu baadaye Ozzy akafariki. Waliosusa wanautumia usiku ule kama ushahidi kwamba albamu haikuwa na maana. Huko ni kuzidisha, bendi yoyote ikibakiwa na nyimbo nne za mwisho itapiga zinazoimbwa na uwanja mzima, na Ward asingepiga nyimbo ambazo hakuzirekodi.

Kwa hiyo usianze na wimbo wa kwanza. Anza na Damaged Soul, kisha Age of Reason, kisha God Is Dead?, Zeitgeist iruke kabisa. Zikikuingia hizo tatu, njoo tubishane kuhusu zilizobaki.