Kabla Hujaandika Pendekezo la Uzamivu wa Mipango Miji

Wengi wanaoanza uzamivu wa mipango miji na mikoa huja na tatizo, si swali. Makazi holela ni tatizo. Foleni za magari ni tatizo. Mwaka 1973 wasomi wa mipango Horst Rittel na Melvin Webber walieleza kwamba matatizo ya aina hii hayana kikomo, na kila moja laweza kuwa dalili ya jingine. Ukitaka kulimaliza lote ndani ya tasnifu moja, miaka itakuishia. Tafuta swali dogo: kwa nini wenye viwanja upande huu wa barabara walifuata mchoro wa mipango, na wa ng'ambo hawakuufuata?

Ukishalipata, nenda kwanza ukaione data kwa macho yako. Ahadi ya afisa kwamba "ipo" haitoshi. Na ukiipata, anza na mipaka. Utakuta idadi ya watu wa kata imepanda ghafla kati ya sensa mbili, ufurahie kwamba mji umekua, kumbe mpaka ulisogezwa na kijiji jirani kikaingizwa ndani. Pandanisha ramani za mipaka za miaka yote miwili kabla ya kukokotoa chochote. Hata mipaka isipobadilika, eneo lilelile ukiligawa vipande vikubwa au vidogo, matokeo yanaweza kubadilika. Kwa hiyo fanya uchambuzi kwa vipimo viwili, vipande vikubwa na vidogo, na uripoti matokeo yote. Mtahini makini ataliuliza hili.

Msimamizi mchague kwa mbinu anazozimudu na muda alio nao. Umaarufu wake hautakusomea rasimu. Kibali cha maadili ya utafiti kiombe mapema.

Kama unagusa ushirikishwaji wa wananchi, na mimi naona hapo bado pana kazi kubwa, usiridhike na orodha ya mahudhurio. Mwandishi wa Marekani Sherry Arnstein aliuchora ushirikishwaji mwaka 1969 kama ngazi ya vidato nane, na vile vya chini kabisa aliviita si ushirikishwaji hata kidogo. Ili ujue mkutano ulisimama kidato gani, weka rasimu iliyoonyeshwa wananchi kando ya mpango uliopitishwa, ufuatilie mstari kwa mstari: barabara ipi ilihamishwa, eneo lipi la wazi liliongezwa, pingamizi la nani lilijibiwa. Rasimu hizo ziulizie mwanzoni kabisa mwa utafiti, maana mara nyingi ofisi hutunza vizuri nakala iliyopitishwa tu.