Maswali yenu wiki hii: mtoto anamlilia dada, kijana wa hesabu, simu, usingizi na msichana aliyenyamaza

Meseji zimekuwa nyingi, nimechukua tano tu na nimezifupisha kidogo. Naanza na hii kwa sababu imenikaa rohoni tangu Jumatatu.

“Naishi Pipeline hapa Nairobi, kazi iko Industrial Area. Natoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, narudi saa mbili usiku. Mtoto wangu ana miezi tisa na juzi nilipombeba alilia akamnyooshea dada wa kazi mikono. Nimepoteza mtoto?”

Hujampoteza dadangu. Miezi tisa ndio wakati mtoto ameshajua nani ni nani, na akimlilia dada maana yake ni kwamba mchana kuna mtu anamjali, anambeba akilia, anamjibu akiguna. Inauma, najua, lakini afadhali hiyo kuliko mtoto ambaye halilii mtu yeyote.

Na hii si maneno ya kukutuliza tu. Utafiti mmoja mkubwa wa mambo haya ulianzia hapa jirani, Uganda, mwaka wa 1954 na 1955, mtafiti anaitwa Mary Ainsworth alikuwa anazunguka vijiji karibu na Kampala anaingia nyumba za watu anakaa na akina mama anaangalia watoto wao, watoto 28 kutoka nyumba 26. Wengi walikuwa wanalelewa na mikono mingi, nyanya, shangazi, dada wakubwa, na hiyo mikono mingi haikuwa shida. Kilicholeta tofauti ni malezi ambayo mama mwenyewe alimpa mtoto, kwa hivyo siwezi kukudanganya kwamba muda wako hauhesabiki, unahesabika. Lakini kuna kingine alichokiona ambacho mimi hukipenda sana: akina mama ambao watoto wao walikuwa wametulia ni wale walioweza kumsimulia mtoto kinaganaga, anapenda nini, ameanza kufanya nini wiki hii, analia namna gani akiwa na usingizi na namna gani akiwa na njaa.

Hiyo unaiweza hata ukitoka saa kumi na moja na nusu. Kila jioni muulize dada akuambie vitu vitatu mtoto alifanya mchana, sio “amekula?” tu. Kama leo amejifunza kupiga makofi, wewe pia piga naye makofi kabla hujafungua simu, kabla hujashika sufuria. Kama kuna wimbo dada humwimbia, ujue huo wimbo. Na tafadhali usimfukuze dada kwa wivu, nimeona hiyo sana, dada anabadilishwa kila miezi miwili na kila mara mtoto anaanza upya kumzoea mtu, hapo ndipo mtoto anavurugika kweli. Jumapili ukitoka kwenda sokoni na yuko macho usimtoroke, muage, hata akilia. Atajifunza kwamba mama akienda hurudi.

“Kijana wangu yuko Gredi ya 5, hesabu haiingii kabisa. Nikimchapa anakaa chini anasoma. Mwalimu ananiambia niache. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu, kwani watoto wa siku hizi ni mayai?” (Baba, Kayole)

Baba, wacha nikuambie kuhusu daftari moja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nakaa na mtoto wa darasa la nne kumsaidia hesabu, daftari lake lilikuwa na matobo. Matobo kabisa, unaona ukurasa wa chini. Alikuwa anaandika jibu, anafuta, anaandika, anafuta, mpaka karatasi inatoboka, halafu anahamia pembeni anaandika lile jibu la kwanza tena. Na lilikuwa sahihi! Nikamuuliza sasa ulikuwa unafuta nini, akasema, “Nilikuwa naangalia kama utakasirika.”

Hakuwa anafikiria hesabu, alikuwa anasoma uso wangu. Ile sehemu ya akili inashikilia namba wakati unatoa na kujumlisha ni ndogo, na woga ukiingia unachukua nafasi yote. Kwa hivyo ni kweli ukimchapa kijana wako anakaa chini, macho yake yako kwa kitabu, lakini masikio yake yako kwa mlango.

Mwaka wa 2016 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, walikusanya tafiti za kama miaka hamsini kuhusu kuchapa watoto, watoto zaidi ya 160,000 ukiwajumlisha. Kuchapwa kulienda pamoja na ugomvi zaidi, shida za kiakili zaidi, uhusiano mbaya zaidi na mzazi, na hawakupata kwamba kunamfanya mtoto awe mtiifu siku za mbele. Wewe na mimi tulichapwa na tukapita, ndio, lakini pia tunajua wale tuliosoma nao waliotoroka shule kwa sababu ya kiboko na hawakurudi. Huyo mwalimu naye, sheria inamkataza kuchapa tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia, kwa hivyo hakuonei, anakueleza kitu amekiona darasani.

Sasa ufanye nini. Kwanza macho, mpeleke apimwe, utashangaa watoto wangapi hawaoni ubao. Pili, kama anasoma vizuri Kiswahili na Sayansi lakini namba tu ndio zinamtoroka, uliza shule kuhusu EARC, hivi ni vituo vya serikali vya kupima watoto wenye shida ya kujifunza, viko Kenya tangu 1984 na wazazi wengi bado hawavijui. Tatu, hesabu ya nyumbani ifanyeni na pesa. Mtume dukani na mia mbili, unga na maziwa, akuambie chenji itakuwa ngapi kabla hajatoka mlangoni. Akikosea, kaa kimya kidogo, muulize amefikaje hapo. Mara nyingi utapata alifanya hatua tatu vizuri na moja ndio imempoteza, na hiyo moja ndio mtashughulikia.

“Wa kwangu ana miaka miwili, bila katuni kwa simu hafungui mdomo ale. Ni mbaya?”

Ni tabia inaweza kurekebishwa, usijihukumu. Shirika la Afya Duniani lilisema 2019 mtoto wa miaka miwili asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na ikiwa chini ni bora zaidi. Kwa chakula shida yangu ni kwamba akiwa kwa katuni hajui anakula nini wala ameshiba saa ngapi. Ondoa mlo mmoja kwanza, mkae wote mkila kitu kimoja, mwache ajipake ugali usoni. Siku nne tano za kelele, halafu inapungua.

“Van inamchukua binti yangu saa kumi na moja alfajiri, Githurai. Ana miaka minane. Mwalimu analalamika anasinzia na amekuwa mtoto wa hasira.”

Hebu tupige hesabu. Wataalamu wa usingizi wanasema miaka sita hadi kumi na mbili mtoto anahitaji saa tisa hadi kumi na mbili. Kama anaamka saa kumi na nusu, ili apate hata zile tisa lazima awe amelala saa moja unusu usiku, na Nairobi saa hiyo wengi wenu bado mko kwa jam! Kwa hivyo hasira yake si ukaidi, ni uchovu, hata mtu mzima usingizi ukimpungua wiki nzima anafoka.

Ongeeni na mwenye van mkiwa wazazi kadhaa, mmoja pekee hasikizwi, awazungushe, wale wa kwanza kuchukuliwa muhula huu wawe wa mwisho muhula ujao. Homuweki ikifika saa mbili funga daftari umwandikie mwalimu kwamba mtoto amelala, na walimu wengi wataelewa.

“Msichana wangu ana 15, tuko Umoja. Tangu Machi anajifungia, hali vizuri, ameacha kwaya aliyokuwa anaipenda. Wiki jana alisema ‘mngepumzika kama singekuwa’. Mume wangu anasema ni ujana. Naogopa kumuuliza nisije nikampa wazo.”

Mama, muulize leo. Watafiti wameangalia hilo swali la kumpa mtu wazo na hawakupata kwamba kuuliza kunaleta wazo, kama lipo lilikuwepo tayari na anachobeba ni upweke wa kutoambia mtu. Ujana ni kufunga mlango na kujibu vibaya. Kuacha kitu alichokipenda, chakula, na maneno hayo, kwa miezi, si ujana.

Keti naye mahali hamtazamani moja kwa moja, mkichambua sukuma au mkitembea, umwambie, “Nilikusikia ukisema tungepumzika kama haungekuwa. Unafikiria kujiua?” Useme hilo neno. Halafu unyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Akisema ndiyo, usilie kwanza, usimtajie Mungu kwanza, mwambie umefurahi amekuambia na hutamwacha peke yake. Dawa zote za nyumbani na sumu ya panya zifungiwe. Mpeleke hospitali aonane na daktari wa akili, na kama amesema ana mpango, nendeni usiku huo huo. Nambari ya simu ya 116 ya kusaidia watoto ni ya bure, wewe pia unaweza kuipiga uelekezwe.

Na kama mume wako anaogopa polisi, mwambie mnaenda kutafuta matibabu, na kuhusu jaribio lenyewe Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kile kifungu cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Niandikie kesho asubuhi, hata neno moja, unijulishe amelalaje.